Turudishieni ova 50

Mwandishi wa makala yenu ya kriketi amewasifu Afghanistan A, timu ya pili ya taifa lao, kwa kutwaa Kombe la Asia la timu chipukizi 2024 hapa Oman, na kweli walistahili: waliwafunga Sri Lanka A kwa wiketi 7 (yaani wapigaji saba walikuwa bado hawajatolewa) pale uwanja wa Al Amerat. Ila hakugusa jambo linaloniuma. Mwaka ule mashindano yalichezwa kwa ova 20 kwa kila timu (ova moja ni mipira sita inayorushwa), ilhali tangu yaanze Singapore 2013 yalikuwa ya ova 50.

Kwa timu kama Oman na Nepal, hizo ova 30 zilizokatwa ndizo shule yenyewe. Ijumaa asubuhi huwaona vijana wa Muscat kwenye uwanja wa changarawe, mpira umezungushiwa utepe. Nguvu za kupiga wanazo tele. Wanachokosa ni subira ya kuokota mkimbio, yaani alama, mmoja mmoja, na ya kurusha ova ya 40 jasho likiteleza kiganjani. Fainali ya mashindano haya ya Colombo 2023, bado ya ova 50, Tayyab Tahir alipiga mikimbio 108, Pakistan A wakafika 352, India A wakaishia 224. Baraza la Kriketi la Asia lirudishe mechi za namna ile, tafadhali.