Geuza jani, piga tena

Lawama kwamba mitandaoni watu hawajifunzi, wanasambaza tu, imekuwa wimbo. Walimu wanaiimba, na hapa Dodoma utaisikia hata kwa baadhi ya maafisa ugani wakiwazungumzia wakulima wa zabibu. Si lawama ya kupuuzwa, lakini inaweka kapu moja mambo mawili tofauti, video ya mtu wa mbali na kundi la watu wanaofahamiana, na anayeonewa ni mkulima.

Upande wenye ukweli ni huu. Mkulima wa Mpunguzi, hapa Dodoma, akitafuta video ya kupogoa mizabibu, aghalabu atakutana na ya Ulaya au Marekani, ambako mzabibu hulala wakati wa baridi na kupogolewa mara moja kwa mwaka. Sisi hatuna baridi ya hivyo. Tunapogoa mara mbili na kuvuna mara mbili. Akiifuata kama ilivyo, msimu mmoja umekwenda. Salfa nayo, dawa ya ukungu wa mizabibu, joto likipita nyuzi 30 na kitu, inaweza kuunguza majani. Anayefundisha kutoka nchi ya baridi hana sababu kubwa ya kulisisitiza hilo, na jua la Dodoma la mchana tunalijua.

Hoja nzito zaidi wanayo wanaokumbuka kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya, ya mwaka 1973. Takribani watu milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakapitia kijitabu na kujadiliana wakiwa na kiongozi. Somo lilikuwa limehakikiwa kabla halijafika kijijini. Ujumbe wa kundi la WhatsApp umehakikiwa na nani?

Na hakuna aliyeuhakiki. Ila redio ile ilizungumza kwa ratiba yake, na ugonjwa wa mmea hauna ratiba.

Tazama kinachotokea kwenye kundi la wakulima wanaofahamiana. Mtu anatuma picha ya jani lenye weupe: "Jamani, hii ni nini?" Watatu wanamjibu haraka, salfa. Wa nne, mkulima mzoefu au bwana shamba, anaandika: "Geuza jani, piga tena." Picha ya pili inaonyesha ukungu mweupe upande wa chini, na juu yake madoa ya manjano kana kwamba yamedondokewa mafuta. Huo si ubwiri unga, ambao vumbi lake hufutika kwa kidole na hutokea hata juu ya jani. Ni ubwiri vinyoya, unaopenda majani yaliyolowa mvua, na salfa hauutibu. Hela ya dawa imeokoka, lakini kikubwa ni kwamba aliyeuliza amelazimika kuangalia upande wa jani ambao pengine hakuwahi kuuangalia kwa makini. Waliokaa kimya, wasioandika hata "asante", nao wameona picha zote mbili. Mvua ijayo watageuza majani yao bila kuambiwa. Kama huko si kujifunza, sijui tunatafuta nini darasani.

Mwaka 2005 msomi wa Kanada, George Siemens, alieleza kujifunza kama kujenga miunganiko: kujua pa kuuliza kuna uzito sawa na kujua jibu, pengine kuzidi. Namkubali nusu. Video ya Ulaya nayo ni muunganiko, lakini haikuoni wala haikuulizi. Kundi la wakulima wa Hombolo, hapa hapa Dodoma, lina mtu ambaye dawa uliyomshauri ikiharibu shamba lake, mtakutana gulioni. Aibu hiyo ni uhakiki wa aina yake, japo haikosi mianya: wapo wanaojibu kwa kujiamini wasichokijua, na jibu zuri la jana leo limefukiwa na salamu za asubuhi na michango ya harusi.

Kuna jambo linalonitia shaka kuliko hayo yote. Kitochi hakipokei picha ya jani, na bando likiisha hata simujanja haina msaada. Aliyeuliza ndiye anayeonekana amejifunza. Asiyeweza kuingia kundini haonekani popote, wala hatuna pa kusoma swali lake. Kwa mkulima huyo, bwana shamba kufika na pikipiki na kuligeuza jani kwa mkono wake bado ndiyo njia iliyopo. Kwa hiyo natetea kundi, lakini anayelitumia kama sababu ya kupunguza ziara za shambani simuungi mkono.