Mkataba wa plastiki: kwa nini tusipige kura?

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019. Nenda leo sokoni Buguruni ununue nyanya za elfu moja, uone kama hutawekewa kwenye kifungashio laini kinachoonyesha kila kitu, ambacho kisheria ni cha kufungia bidhaa, si cha kubebea mboga. Rambo, ule mfuko wa plastiki wa zamani, limekufa, mdogo wake yupo. Wengi huwalaumu wauzaji na wakaguzi. Mimi naona plastiki ikizalishwa kwa wingi na kwa bei chee, itapata tu pa kupenyea. Dunia inazalisha zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka, na karibu yote hutokana na mafuta na gesi.

Ndiyo maana nimekuwa nikifuatilia mazungumzo ya mataifa kuhusu mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, yaliyotokana na azimio la Umoja wa Mataifa lililopitishwa Nairobi Machi 2022. Yalitakiwa yamalizike mwaka 2024. Busan, Korea Kusini, yakashindikana. Agosti 2025 yakashindikana tena Geneva.

Tunaambiwa mataifa hayana utashi. Sikubaliani. Kule Busan zaidi ya nchi 100 ziliunga mkono kupunguza uzalishaji. Kilichoziponza ni utaratibu. Tangu kikao cha Paris cha mwaka 2023, ambako siku mbili za mwanzo ziliishia kwenye ubishi kuhusu kupiga kura, Saudi Arabia, Urusi na wenzao wameshikilia kwamba uamuzi upite kwa maafikiano ya wote. Kwa hiyo muuza mafuta akikataa, basi. Simshangai anayelinda biashara yake. Nawashangaa walio wengi waliokubali kumpa funguo. Marekani nayo ilifika Geneva ikipinga ukomo wa uzalishaji.

Na si kwamba kupiga kura hakujawahi kuwezekana. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kudhibiti kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na mionzi ya jua, iliruhusu baadhi ya maamuzi kupita kwa theluthi mbili pale maafikiano yanaposhindikana. Ilizuia wanachama kufanya biashara ya kemikali hizo na nchi zilizokaa nje, na baadaye ukaundwa mfuko wa kuzilipia nchi maskini gharama za kubadili mitambo. Kubaki nje kukawa hasara. Ni kweli, kemikali zile zilikuwa chache na viwanda vyake vya kuhesabika, tofauti na plastiki iliyoingia hadi kwenye bomba la sindano. Lakini kanuni za kupiga kura hazitegemei idadi ya viwanda.

Kwa maoni yangu, kundi la nchi zinazotaka mkataba mkali, zinazoongozwa na Rwanda na Norway (naam, Norway hiyohiyo inayouza mafuta) ziache kusubiri. Ziandike mkataba wao, wenye kipengele cha biashara kama kile cha Montreal. Wapo watakaosema mkataba usio na wazalishaji wakubwa ni karatasi tu. Wazalishaji hao wanahitaji wanunuzi, na Umoja wa Ulaya umo ndani ya kundi hili.