Picha ya bibi niliyoambiwa imeharibika

Mwaka 1986 mjomba wangu, baharia, aliniletea Zenit E, kamera ya Kirusi, ya mtumba, nzito kama jiwe. Sikuwahi kuwa mpiga picha wa kulipwa, mi ni mwalimu wa hesabu, kamera ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili. Hapa Tanga mkanda wa picha 36 nilikuwa nakaa nao hata miezi mitatu, maana ukishanunua mkanda bado kuna hela ya kusafisha, kwahiyo kila ukitaka kubonyeza unafikiria mara mbili.

Sasa siku moja baada ya alasiri bibi kakaa karibu na dirisha anasuka ukili, mwanga unamwingia ubavuni, nikatamani sana. Mkanda ni ASA 100, yani unataka mwanga mwingi, mshale wa mita ya mwanga haunyanyuki kabisa, na Zenit spidi yake ya chini ni 1/30 ya sekunde, chini ya hapo kuna B tu, ya kushikilia kwa kidole mwenyewe. Nikafungua lenzi yote, nikabana pumzi, nikapiga. Moja tu. Bibi akasema we mume wangu, utamaliza lini na hicho kidude. Studio wakaniambia hii imeharibika, mikono imetikisika, hawakuichapisha hata, wakanipa negativu, kipande cha mkanda chenyewe, kwenye bahasha. Nikaiweka kwenye kopo la maziwa.

Dijitali niliingia 2009, Canon 400D, megapikseli 10, na kiukweli nilifurahi kama mtoto, unapiga unaona hapohapo, hulipi mtu. Lakini ndani ya miaka miwili nilikuwa na picha elfu kadhaa kwenye kompyuta na ukiniuliza ipi naipenda sina jibu. Mbaya zaidi ni ile batani ya kufuta. Nilikuwa nafuta papohapo kila iliyotikisika, kila yenye giza, yani nilijigeuza kuwa yule jamaa wa studio aliyeikataa picha ya bibi.

Kilichonibadilisha ni kumsoma mpiga picha Seydou Keïta wa Mali. Alifungua studio Bamako 1948, mteja mmoja mara nyingi picha moja, na wateja wake walikuwa wakiondoka na picha ndogo tu, sentimita 13 kwa 18, za kuwatumia ndugu. Miaka ya 90 negativu zilezile zikatolewa kubwa zikatundikwa kwenye maonyesho ya sanaa Ulaya. Negativu hazikubadilika hata kidogo jamani, ila mtu alizirudia na kuziangalia upya. Ndo nikalikumbuka kopo.

Nikaskani ile ya bibi. Jioni tatu nzima natoa vumbi kwenye kompyuta, nukta moja moja, kisha nikaichapisha kwenye karatasi ya pamba, sentimita 40 kwa 60. Uso umetulia, kipini cha puani unakiona, ukili unaufuata mpaka unapoingia vidoleni, halafu vidole vyenyewe huvioni, unaona vinavyokwenda tu. Ingetoka kali kila mahali ingekuwa picha ya bibi kizee na mkeka. Mama yangu alipoiona alikaa chini, akasema alikuwa anasuka hivyohivyo, haraka hivyo.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema dijitali imeua picha, na sikubaliani na vijana wanaoniambia picha za sanaa zinataka kamera ya mamilioni. Kwangu mimi dijitali ndiyo iliyomrudisha bibi. Sanaa naiona kwenye kuchagua, kukaa na picha muda mrefu mpaka ujue kwanini umeibakiza, na kompyuta inakupa huo muda bure ukitaka kuutumia. Siku hizi nikienda Deep Sea hapahapa Tanga asubuhi boti zinaposhusha dagaa najipangia picha 36, zikiisha nafunga begi, na sifuti kitu mpaka mwezi upite. Kwa mwaka nachapisha 12, basi. Batani ya kufuta mi naona hata isingewekwa kwenye kamera.

Kwenye kopo zimebaki negativu nane. Wiki hii naskani ya mjomba, kasimama gatini na begi lake siku anarudi melini, studio waliichora X kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha.