Burkitt: Jeni Iliyohama na Jeni Zilizozimwa

Mtoto akivimba taya kwa kasi, huku Kanda ya Ziwa Victoria ndugu huuliza kwanza kama ugonjwa huo ni wa ukoo. Akifikishwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na ikabainika ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya seli za kinga, jibu ni kwamba haurithiwi: DNA ya seli moja ya damu imeharibika. Ni kweli. Ila jibu likiishia hapo, linaacha nje sehemu ya ugonjwa ninayoiona mimi kuwa na tumaini kubwa zaidi.

Ushahidi wa upande wa DNA ni mzito. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC hukatika na kuhamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, jirani na swichi ambayo seli hiyo huiwasha daima kutengeneza kingamwili. MYC huamuru seli igawanyike, na sasa hakuna wa kuizima.

Lakini seli hiyo inajifichaje? Karibu kila uvimbe wa Burkitt wa ukanda huu una kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika sampuli zilizotoka Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Kinga ya mwili ilipaswa kukiona. Haikioni, kwa kuwa jeni za kirusi hicho za kutengeneza protini zimezimwa karibu zote. Inabaki protini moja, EBNA1, ambayo nayo kinga huipata kwa shida. Na hapa ndipo ninaposisitiza: hakuna herufi ya DNA iliyofutwa. Vimebandikwa juu yake vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo metili, na jeni iliyobandikwa haisomwi. Hiyo ndiyo epijenetiki. Fikiria mtumbwi wa dagaa uliozima karabai usiku: wavuvi wamo, nyavu zimo, aliyesimama ufukweni haoni kitu.

Karabai iliyozimwa huweza kuwashwa tena. Kromosomu iliyokatika hatuna namna ya kuirudisha mahali pake, ila metili zinabandulika: azacitidine, dawa inayofanya kazi hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ugonjwa wa uboho. Ndugu yake, decitabine, imeonekana maabara ikiamsha jeni za kirusi ndani ya seli za Burkitt, na seli za kinga zikazitambua.

Wenye mashaka wana hoja. Dawa hizi hazichagui. Hubandua hata pale palipozimwa kwa usalama wetu. Tena Burkitt huitikia vizuri dawa za kawaida za saratani mtoto akiwahishwa, kwa hiyo nauli ya mama kutoka kisiwa cha Ukerewe ina uzito kuliko nadharia yangu. Hilo nalikubali bila kusita.

Ila kuna watoto ambao uvimbe hurudi baada ya tiba. Kwao dozi za pili za dawa zilezile huokoa wachache sana. Kwa watoto hao ningetaka kuwashwa kwa jeni hizo kujaribiwe, na kujaribiwe hapa ziwani, walipo wagonjwa wenyewe.