Mwaka wa Tatu, Kariakoo, na Barua Isiyoandikwa

Dada yangu alinipigia simu kutoka Morogoro usiku, sauti imekauka. Mwanawe wa pili, aliye mwaka wa tatu chuoni Dar es Salaam, amesema harudi darasani. Anataka kubaki Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ambako kwa miezi kadhaa amekuwa winga: anamdaka mteja barabarani, anampeleka kwenye duka la simu la mtu mwingine, na cha juu kinachozidi bei ya mwenye duka ni chake. Siku nzuri anaondoka na elfu thelathini. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, ni elfu kumi kwa siku, na hilo nalo ni deni.

Nikaitwa kusuluhisha, maana mjomba ndiye hubebeshwa kesi za namna hii. Tukakaa sebuleni, dada akaanza.

"Maji ukishayavulia nguo, mwanangu, yaoge."

Kijana akajibu kwa adabu zote: "Sawa mama, lakini haya yana mamba."

Na mamba wenyewe anawajua. Alikuwa shule ya msingi Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walipojazana Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za majukwaa yale bado zinazunguka kwenye simu. Mwaka 2025 ikawa zamu ya TRA, Mamlaka ya Mapato: nafasi 1,596, waombaji zaidi ya laki moja. Ukimwambia kijana wa leo "soma upate kazi", anakutajia namba hizo kabla hujameza mate.

Dada ana picha nyingine kichwani, na hakuitunga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa sheria hawakuzidi 15. Kwa miaka mingi baada ya hapo mhitimu hakutafuta kazi, kazi ilimtafuta. Baba yetu mdogo alipangiwa kituo hata joho hajarudisha. Mambo yalibadilika miaka ya 1990 serikali ilipoanza kupunguza watumishi, ila hadithi ya baba mdogo ilibaki nyumbani kwetu kama ilivyokuwa. Kwa hoja hii ya ajira, kijana anashinda, nami nikasema hivyo. Dada akaniangalia kwa jicho ninalolijua tangu utoto. "Umekuja kunisaidia mimi au yeye?"

Lakini kushindwa hoja moja si kushindwa kesi. Shahada ya miaka mitatu nchini inadai krediti, yaani alama za uzito wa masomo uliyofaulu, zisizopungua 360. Mpwa wangu ana kama 270. Krediti 270 haziajiriwi mahali. Serikalini mshahara wa kuanzia unafuata cheti: katika ngazi za mishahara ya walimu, wa stashahada anaanzia TGTS C, wa shahada anaanzia TGTS D, na hakuna mstari wa "aliyefika mwaka wa tatu". Akiacha leo, kesho anaingia sokoni na cheti cha kidato cha sita. Mkopo nao hauulizi kama ulivaa joho. Siku akipata ajira rasmi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa, amehitimu au hakuhitimu. Ni sawa na kulilipia gari mpaka likafika bandarini, kisha ukalitelekeza kwa sababu ya ushuru.

Hapo akaja na hoja ambayo mpaka leo sijaipatia jibu kamili. "Mjomba, Kariakoo haisubiri mtu. Mteja ni wa aliyepo." Mtaji wa winga ni kufahamika: mwenye duka akuamini na mzigo, mteja wa Mbeya awe na namba yako. Potea muhula mmoja, kuna mwingine amesimama pale uliposimama. Angekuwa ana fremu yake na mzigo ndani, ningemwambia dada tufikirie upya. Hana. Anachouza ni miguu yake na mdomo wake, na hivyo vyote viwili atahitimu navyo.

Angekuwa mwaka wa kwanza, kwenye kozi aliyochaguliwa na mama, ningesema vingine kabisa. Kumshikilia mtu miaka mitatu kwenye kitu asichokipenda, kwa sababu tu tumeshalipa ada ya muhula, ni hasara ya kuongezea hasara.

Kilichonishtua kilikuja baadaye, dada alipoingia jikoni kuangalia chai. Nikamwambia kijana anifungulie matokeo yake kwenye mfumo wa chuo. Akasita, akafungua. Masomo mawili yameandikwa sapu, yaani amefeli na anatakiwa kurudia mtihani: takwimu na mbinu za utafiti. Amekaa na siri hiyo miezi minane. Kariakoo haikumtoa darasani. Ilimpokea alipokuwa anakimbia. Tangu siku hiyo, kijana yeyote akiniambia "nimechagua biashara", huwa naomba kwanza kuona matokeo. Si kwa nia ya kumuumbua. Anayekimbia sapu anahitaji mtu wa kumfundisha takwimu, na hotuba ya maisha haitamsaidia kitu.

Na kwa nini hakumwambia mama yake? Kwa sababu mama humtia moyo kwa kumkumbusha kiwanja cha Kihonda kilichouzwa ili alipiwe ada. Kila simu, kiwanja. Dada anaamini anamhimiza. Mtoto anasikia deni la pili, kubwa kuliko la Bodi, lisilo na ratiba ya marejesho. Nani atampigia mtu aliyeuza kiwanja kwa ajili yake amwambie "nimefeli"? Sisi wazazi tunajua kuhimiza kwa machozi. Kuuliza "somo gani linakusumbua?" hutupita, labda kwa kuwa jibu lake litatutoa kwenye kiti cha hakimu.

Kuna njia ya tatu ambayo pande zote mbili huiogopa, nayo ni kuahirisha masomo kwa maandishi. Vyuo vina utaratibu wake: unaandika barua, unaeleza sababu, unaruhusiwa, nafasi yako inabaki. Wazazi wanalisikia neno "kuahirisha" kama "kuacha" lililovikwa kanzu. Vijana hawaandiki kabisa. Wanapotea tu, mitihani inapita, na siku wakitaka kurudi wanakuta wameshadisko, yaani wamefutwa chuoni. Bill Gates, mwanzilishi wa Microsoft, ambaye kila anayetaka kuacha chuo humtaja, mwaka 1975 aliondoka Harvard kwa ruhusa ya kusimama masomo. Mlango wake ulikuwa wazi. Sehemu hiyo ya kisa haisimuliwi Aggrey.

Maoni yangu niliyatoa bila kuzunguka: amalize, afanye sapu zote mbili, Kariakoo aende mchana baada ya vipindi na Jumamosi kutwa. Akishindwa kubeba yote, aandike barua. Nikajitolea kumlipia mwalimu wa takwimu, jambo ambalo mke wangu bado hajalijua.

Dada alirudi na chai. Kijana akaweka simu mezani, ukurasa wa matokeo ukiwa wazi, akaisogeza upande wa mama yake. Dada akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kimya. Kisha akauliza, "Hii takwimu ndiyo ile ya hesabu?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi ilinishinda."