Jamani tuache kuwatisha watu na insulini

Hili limenikaa rohoni muda mrefu. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya sukari asubuhi kabla daktari hajaingia, maneno ni yaleyale, "fulani alivyoanzishiwa sindano tu hakumaliza mwaka", "ukishaanza hizo ndo hutoki tena", na pembeni yupo mama wa watu ameandikiwa insulini kwa mara ya kwanza, anakunja cheti chake taratibu anakitia kwenye mkoba, na unamuona kabisa dirisha la dawa haendi. Nimemsindikiza mama yangu pale miaka mingi na siku hizi naona huu uoga ndo unaotumalizia watu.

Insulini sio kitu kigeni. Wewe unayesoma hapa, kama kongosho lako ni zima, linaitengeneza saa hii. Ukila ugali, sukari inapanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini, misuli inaichukua ile sukari kuitumia, na ini linapata taarifa liache kumwaga sukari iliyokuwa imetunzwa humo. Hilo la ini wengi hawaambiwi! Mtu amelala njaa kwa woga, anapima asubuhi anakuta 12, yani iko juu, analia kwamba toka jana hajatia kitu mdomoni, na nyumbani wanamgombeza wanadhani kala kwa kuiba. Hajaiba kitu. Ini lake lenyewe limemwaga sukari usiku kucha kwa sababu insulini ya kulizuia ni kidogo, au ipo ila mwili hauisikii.

Sasa ikikosekana kabisa ndo balaa. Mwili unaanza kuchoma mafuta yake, damu inakuwa na asidi, mtu anatapika, anahema kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana, halafu anapoteza fahamu. Kabla ya 1922 watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho halitoi insulini, walikuwa wanafia hapo, madaktari walichoweza ni kuwanyima chakula ili wasogeze siku. Januari 1922 kule Toronto alikuwepo kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, amebaki mifupa. Insulini waliyoitoa watafiti wa huko, Banting na Best, kwenye kongosho za wanyama alichomwa tarehe 11 haikusaidia sana, ilikuwa chafu, mwenzao Collip akakaa akaisafisha, akachomwa tena tarehe 23 na sukari ikashuka. Kijana akaishi miaka mingine 13. Na wale jamaa hakimiliki yao walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili watu waipate.

Kwa hiyo hao "fulani" wanaosimuliwa pale kwenye benchi walikufa na nini? Wengi wao walichelewa, sindano wameikataa miaka, wamezunguka kwa waganga na mizizi, wanakuja kukubali figo zimeshachoka na mguu umeshaoza, halafu lawama inabebeshwa dawa ya mwisho aliyopewa.

Na kuhitaji sindano sio kwamba ulikuwa mkaidi. Uingereza kulikuwa na utafiti mkubwa ulioanza 1977, UKPDS, ukafuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa aina ya pili, ile ambayo insulini ipo ila mwili hauisikii vizuri, toka wanagundulika, majibu makuu yakatoka 1998. Moja ya waliyoyaona ni kwamba kongosho linaendelea kuchoka mwaka hadi mwaka hata kwa mtu anayepangilia chakula na kumeza vidonge vyake. Natamani kila nesi amwambie mgonjwa hivyo toka siku ya kwanza, badala ya ile ya "usipojiangalia tutakuchoma sindano", ambayo inageuza dawa kuwa adhabu.

Sisemi haina hatari. Ukichoma usile, sukari inashuka, unatoka jasho, unatetemeka, unaweza kuzimia, lazima sukari au soda iwe karibu. Inataka utaratibu. Mama anatumia ile ya mchanganyiko inayofanana na maziwa, kila asubuhi anaiviringisha kachupa katikati ya viganja polepole mpaka weupe ulingane chupa nzima, haitikisi, halafu anabadilisha sehemu ya kuchoma, jana tumbo, leo paja. Wasio na friji wanaitunza kwenye chungu ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, inasaidia sana kwenye joto letu.

Kingine kinachonipa moyo ni kwamba utafiti sasa unafanyika kwetu huku. Mwaka 2025 yalitoka majibu ya vijana wa Uganda, Cameroon na Afrika Kusini waliokuwa wanahesabiwa kuwa na aina ya kwanza, karibu theluthi mbili hawakukutwa na zile alama kwenye damu zinazoonyesha kinga ya mwili ndo inashambulia kongosho, wakati kwa Wazungu alama hizo huwa zipo kwa wengi. Yani huenda ugonjwa wa vijana wetu una chanzo kingine, na insulini bado wanaihitaji wakati hicho chanzo kinatafutwa.

Ila huwezi kumpa insulini mtoto ambaye hajapimwa. Mtoto anakojoa sana, anakunywa maji hashibi, anakonda, anatapika, anapelekwa zahanati anaandikiwa dawa ya malaria anarudishwa nyumbani. Mzazi ukiona hivyo usitoke pale, omba wamtoboe kidole wapime na sukari, majibu yanatoka hapohapo.