Kabla ya Kumlipia Mtoto wa Mbwa, Mwone Mama Yake

Ukitaka kununua mtoto wa mbwa wa mbegu, swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: mama yake yuko wapi? Bei baadaye. Rangi baadaye. Habari za masikio kusimama au kutosimama, baadaye kabisa. Mama yuko wapi, na naweza kuja lini kumwona akiwa na wanawe?

Majibu ninayoyasikia hapa Arusha, na kwa ndugu zangu walioko Dar, yanafanana mno. Mama yuko shamba. Mama amebaki kwa mdogo wangu Bagamoyo. Hawa tumeletewa kutoka Nairobi. Ukipata jibu la namna hiyo, funga pochi uondoke, hata kama mtoto mwenyewe ameshakulamba mkono na wanao wameshampa jina.

Biashara hii imehamia kwenye simu. Unaona picha Instagram au kwenye status ya WhatsApp: "German Shepherd mbegu safi, wamebaki wawili, wahi." Unatuma hela, bodaboda anakuletea boksi. Kwenye picha kila mtoto wa mbwa wa wiki sita ni mzuri. Ukitaka kujua umenunua nini, itabidi usubiri miezi minane, mbwa ameshakuwa mkubwa, anakojoa kila anaposikia mlango ukigongwa, au ameshamuuma mtoto wa jirani.

England wameliona tatizo hili wakalitungia sheria. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi sita. Anayemtaka aende kwa mzalishaji mwenyewe, amwone mtoto pamoja na mama yake mahali alipozaliwa, au achukue mnyama kwenye kituo cha uokoaji. Wanaiita Lucy's Law, kwa jina la jike wa jamii ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, akiwa amepinda mgongo kwa kukaa miaka kizimbani akizalishwa tu. Mnunuzi wa hapa kwetu anaweza kujiwekea kanuni hiyo leo hii. Dalali anaishi kwa wateja wasiouliza.

Kwa nini namng'ang'ania mama? Kwanza, tabia. Jike mwoga huzaa watoto waoga, na kinachotoka kwenye damu yake anakiongezea kwa mfano, kwa sababu watoto humtazama yeye kujua mgeni ni mtu wa kukimbiwa au wa kunuswa. Watafiti Scott na Fuller walifuga mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na matokeo yao ya mwaka 1965 bado ndiyo msingi wa elimu hii: mtoto wa mbwa ana dirisha fupi, kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili, ambalo ubongo wake unapanga nini ni cha kawaida duniani. Aliyepitisha wiki hizo kwenye kizimba chenye giza nyuma ya nyumba atauona ulimwengu mzima kuwa adui. Unaweza kumsaidia baadaye, lakini utamsaidia kwa taabu.

Sasa angalia umri ambao watoto wengi huuzwa mitaani: wiki tano, wengine nne. Muuzaji atakwambia "ameshaachishwa ziwa, anakula mwenyewe," na ni kweli anakula. Hapo ndipo penyewe. Mpaka wiki ya nne mama ndiye aliyekuwa akiwalisha. Baada ya hapo watoto wanane wanahitaji uji, nyama na maziwa mara nne kwa siku, wanachafua kuanzia asubuhi mpaka usiku, na chanjo ya kwanza inasubiri wiki ya sita. Anayekuuzia wiki ya tano anakimbia gharama, anakuachia wewe. Na wiki mbili tatu anazozikata ndizo ambazo watoto huumana wenyewe kwa wenyewe wakajifunza kuwa jino likizidi, mchezo unakwisha. Mimi sichukui mtoto chini ya wiki nane, hata nikipunguziwa bei nusu.

Kuna mama mmoja upande wa Usa River anayezalisha German Shepherd, uzao mmoja kwa mwaka, na miaka mingine hazalishi kabisa. Nilipofika kwake mara ya kwanza na mwenzangu hakutufungulia geti moja kwa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Leo mmepita kwa mbwa wengine?"

Tukamwambia hapana. Hata hivyo akasogeza beseni la maji yenye Jik, akatuambia tukanyage humo na viatu vyetu, halafu tunawe mikono. Anaogopa parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa. Ugonjwa huo ulijitokeza duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, na virusi vyake hukaa kwenye udongo hata mwaka mzima, hivyo mgeni anaweza kuvileta kwenye soli ya kiatu bila kujua. Nilimwamini pale pale getini, kabla sijaona hata mkia mmoja.

Aliyetupokea ndani alikuwa jike mwenyewe. Alikuja taratibu, akatunusa magoti, akarudi kulala kivulini, jicho moja kwetu na jingine kwa wanawe. Kila mtoto alikuwa na uzi wa rangi yake shingoni, na kwenye daftari la kaunta kila rangi ilikuwa na ukurasa: uzito wa kila asubuhi aliopima kwa mizani ya jikoni, tarehe za dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili (minyoo mingine hupita kutoka kwa mama kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo kungoja wafike miezi miwili ni kuchelewa), nani alihara, nani alikuwa wa mwisho kufika kwenye sahani. Banda lilikuwa na sehemu ya saruji, sehemu ya nyasi, kipande cha mkeka na bati la zamani lililolazwa chini ili wazoee kishindo cha miguu yao wenyewe. Redio ilikuwa inaongea. Kila jioni watoto wa jirani huja kukaa nao. Bodaboda ilipita nje ikipiga honi, na kati ya watoto saba mmoja tu ndiye aliyeinua kichwa.

Kazi hiyo ndiyo unayoilipia. Watu wakisikia mtoto wa mbwa anauzwa laki kadhaa, hata milioni, wanasema ni ulafi. Wapo walafi, hilo silikatai. Lakini piga hesabu ya chakula cha jike kwa siku takribani 63 za mimba na wiki nane za kulea, daktari, dawa, chanjo, na mtu anayelala kando ya banda usiku wa kuzaa. Mzalishaji mwaminifu hamzalishi jike mpaka akomae, kama miaka miwili hivi, na anampumzisha. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na anayempandisha kila joto ndiye anayeweza kukuuzia kwa bei ya kutupwa. Tofauti ya bei inatoka mwilini mwa yule jike, na ndiyo maana muuzaji hataki umwone.

Afya ya ukoo ni jambo ambalo hapa kwetu tunalipuuza, na linaniuma. German Shepherd wana tatizo la nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye tundu lake, na mbwa anaanza kuchechemea angali kijana. Linarithiwa, ingawa lishe na unene navyo huchangia. Ujerumani nyonga hupigwa eksirei mbwa akishatimiza mwaka mmoja, na Marekani shirika la OFA, linalokagua mifupa ya wanyama, hutoa cheti cha kudumu kuanzia miaka miwili. Uliza kama wazazi wamepigwa picha. Kama hawajapigwa, basi waone wote wawili wakitembea, wakikaa, wakiinuka, wakipanda ngazi. Dume wa miaka mitano anayeinuka kama mzee si wa kuzalishia, hata awe na kichwa kizuri namna gani.

Halafu kuna huu mtindo wa kusifia mgongo ulioporomoka nyuma kuwa ndiyo alama ya mbegu safi. Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha mbwa hawa Ujerumani mwaka 1899, alitaka mbwa wa kazi, anayeweza kukimbia na kondoo kutwa. Mbwa anayetembea kana kwamba miguu ya nyuma imekunjwa hawezi kazi hiyo. Muuzaji akikuuzia mgongo kama pambo, mtafute mwingine.

Kila jamii ina kasoro yake, na mzalishaji wa kweli atakutajia ya jamii yake kabla hujauliza. Rhodesian Ridgeback, ambao sifa zao ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, wakati mwingine huzaliwa na kijitundu chembamba kwenye ngozi ya shingo au mgongoni, kinachoingia ndani kuelekea uti wa mgongo na baadaye kuvimba na kutunga usaha. Kinatafutwa kwa vidole, kwa kuinua ngozi taratibu mtoto angali mdogo. Mtu anayezalisha Ridgeback na hajawahi kusikia habari hizo, mshukuru kwa chai uende zako.

Karatasi za ukoo nazo zina kazi yake. Nairobi ipo East Africa Kennel Club, inayoandikisha mbwa wa mbegu na kuandaa maonyesho, na karatasi halali itakuonyesha mababu na kama baba na mama ni ndugu wa karibu. Lakini usiabudu karatasi. Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo, alifika Marekani akiwa na mababu wachache sana, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukawaenea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wapenzi wa mbwa hao walisafiri mpaka Zaire, wakachukua mbwa wa vijijini wasio na karatasi yoyote, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake la ukoo ili kuwaandikisha. Watu wanaoipenda jamii kweli walikwenda kuitafutia damu mpya pale ilipotoka.

Chanjo nitaisema kwa kifupi ila kwa mkazo. Kadi yenye stika moja ya wiki ya sita si "amemaliza chanjo." Kinga aliyopewa na mama huzuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye kwa hakika itaisha wiki gani, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka nne hadi mtoto afikishe angalau wiki kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa anapofikisha miezi mitatu. Tazama stika za chupa, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo, kisha mpigie daktari huyo simu. Pemba walifanya kazi kubwa ya kuchanja mbwa mpaka kichaa kikaonekana kimekwisha, na mwaka 2016 kikarudi, kikiwa kimeingia kutoka nje ya kisiwa. Mbwa anayesafirishwa bila kadi ni hatari kwa mtaa mzima.

Utakapomaliza kumhoji mzalishaji, yeye naye akuhoji. Nyumba yako ina uzio? Nani atabaki na mbwa ukisafiri? Umewahi kufuga? Je, kuna mtu nyumbani ambaye dini yake haimruhusu kuguswa na mate ya mbwa? Hili la mwisho nimelisikia likiulizwa kwa adabu kubwa, na mnunuzi, baba wa Kiislamu aliyetaka mbwa wa kulinda shamba, akashauriwa wapi ajenge banda na nani awe mlishaji. Mzalishaji asiyekuuliza chochote amekuona wewe ni noti tu, na mtoto wake amemwona hivyo hivyo.

Na wanunuzi wengine huambiwa na wazalishaji, kwa upole, kwamba hawahitaji mbwa wa mbegu. Nakubaliana nao. Kama unachotaka ni mbwa wa kubweka getini na kucheza na watoto, mbwa wetu wa kienyeji aliyelelewa vizuri atakutosha, na mara nyingi atavumilia joto la Dar kuliko mwenye manyoya mazito. Naye mchanje, mpe dawa ya minyoo, mtafutie kutoka kwa jike unayemfahamu. Wa mbegu ana maana pale unapohitaji kujua mapema ukubwa wake, nguvu zake na kazi anayoiweza, na maana hiyo inapotea kabisa ukimnunua kwa mtu asiyejua wazazi wake.

Mkiafikiana, andikianeni. Bei, malipo ya awali, tarehe ya kumchukua, chanjo alizopata, na siku chache za kumpeleka kwa daktari wako mwenyewe ukiwa na haki ya kumrudisha akionekana mgonjwa. Yule mama wa Usa River ana kifungu kingine ambacho ningependa kila mzalishaji akiweke: mbwa akikushinda, awe na miezi minne au miaka saba, huruhusiwi kumuuza wala kumgawa. Anarudi kwake. Usafiri ni juu yako, na hela hairudishwi.